Jina "Mshirazi" katika Mjadala wa Zama za Siasa Zanzibar

Historia ya Zanzibar husimuliwa mara nyingi kana kwamba Waarabu, Washirazi na Waafrika walikuwa makundi yaliyokamilika kabla ya uchaguzi wa Julai 1957, na vyama vikaja kuyasemea tu. Historia ya majina yenyewe yaelekeza kwingine.

Kabla ya hapo mipaka ya majina hayo ilikuwa legevu. Mtu mmoja aliweza kuwa Mtumbatu kwa asili, Mshirazi kwa nasaba na Mswahili kwa lugha, bila jina moja kulifuta jingine. Katika sensa ya 1931, waliojiandikisha kuwa Waswahili walikuwa wachache mno kuliko wale wa 1924. Watu hao hawakuwa wametoweka. Jina ndilo lililoshuka thamani, kwa kuwa lilikwisha kunasibishwa na utumwa.

Zama za Siasa ziliukaza ulegevu huo. Gazeti la Mwongozi, lililoegemea chama cha Hizbu (ZNP), lilisisitiza Uislamu na ustaarabu wa kale wa Visiwani, likawahesabu wabara kuwa wageni. Afrika Kwetu lilijibu kwa kurejea kumbukumbu ya utumwa, likamtaja Mwarabu kuwa ndiye mgeni. Hata neno "ustaarabu" halikuwa huru na mvutano huo, kwani asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuwa kama Mwarabu. Aliyekubali sifa hiyo alikubali pia, kwa kiasi fulani, kipimo cha ukoo.

Mshirazi alisimama katikati, akigombewa na pande zote mbili. ASP, iliyoundwa 1957, ilimweka pamoja na Mwafrika katika jina lake lenyewe. Mwaka 1959 baadhi ya viongozi wa Kishirazi walijitenga na kuunda ZPPP, ambayo baadaye ilishirikiana na Hizbu. Tangu hapo kujiita Mshirazi kulimlazimu mtu kueleza ni Mshirazi wa upande gani. Machafuko ya uchaguzi wa Juni 1961 yaliua watu 68, wengi wao Waarabu. Swali la nasaba likawa swali la uhai.

Kwa hiyo mtafiti anayeyasoma magazeti ya wakati huo kama ushahidi wa utambulisho uliokwishakuwapo huyapa maandishi hayo ushindi yaliyokuwa bado yakiupigania.