Deni la Msafiri: Historia ya Vitafunio vya Mikoa ya Japani

Katika vituo vikubwa vya treni na viwanja vya ndege vya Japani, maduka mengi huuza masanduku ya vitafunio yenye jina la mkoa fulani: biskuti za Hokkaido, chokoleti ya tufaha la Shinshu, keki za Hiroshima zenye umbo la jani. Bidhaa hizi huitwa omiyage, yaani zawadi ambayo msafiri huwaletea waliobaki nyumbani au kazini, na hutofautiana na kikumbusho anachojinunulia mtalii, kwa kuwa mwenye haki ya kuila ni yule ambaye hakusafiri. Wauzaji huzieleza kuwa ni zao la ardhi, maji na hali ya hewa ya kila mahali. Historia, hata hivyo, inaonyesha kwamba barabara, reli na deni alilokuwa nalo msafiri kwa jamii yake vilichangia kuliko udongo katika kuamua chakula gani kiwe ladha ya mahali gani.

Desturi hii ilikomaa katika enzi ya Edo (1603–1868), Japani ilipokuwa chini ya mashoguni wa ukoo wa Tokugawa. Amri ya mwaka 1635 iliwalazimu daimyo, yaani mabwana waliotawala majimbo, kuishi kwa zamu katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, na misafara yao ya kwenda na kurudi ikazijaza njia kuu nyumba za wageni, farasi wa kukodi na vibanda vya chakula. Njia ya Tokaido, iliyounganisha Edo na Kyoto, ilikuwa na vituo 53, na vingi kati yake vilijulikana kwa meibutsu, yaani chakula au bidhaa iliyokipatia kituo jina. Kuwana palisifika kwa kombe wa baharini wa kuchoma, na Mariko kwa tororojiru, rojo la kiazi kikuu cha porini kilichokunwa, ambalo humiminwa juu ya wali uliochanganywa na shayiri. Mchoraji Utagawa Hiroshige, katika mfululizo wake wa picha za Tokaido wa miaka ya 1830, hakuiwakilisha Mariko kwa mlima wala kwa hekalu, bali kwa kibanda cha kuuzia rojo hilo: wasafiri wawili wameketi kwenye benchi chini ya paa la nyasi, mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni anawahudumia, na mti wa plamu umechanua pembeni. Picha hizo zilichapishwa kwa wingi na kununuliwa na watu wa mjini, hivyo mkazi wa Edo aliweza kujua Mariko huliwa nini hata kabla ya kufunga safari.

Ni muhimu kuona kwamba chakula hicho kililiwa palepale. Rojo la kiazi kikuu halibebeki kwa siku kumi za kutembea kwa miguu, wala kombe, wala mochi, yaani mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke na kutwangwa hadi ukawa donge laini, ambao hukauka na kuwa mgumu kwa muda mfupi. Kwa hiyo, kwa karne nyingi, chakula maarufu cha mahali na zawadi ya safari vilikuwa vitu viwili mbalimbali: cha kwanza kilikaa tumboni mwa msafiri, na cha pili, ambacho kilipaswa kuwa chepesi na kisichooza, kilikuwa upepeo wa karatasi, kitana, dawa, kalenda au hirizi.

Sababu ya kuwapo kwa zawadi yenyewe inaonekana vizuri zaidi katika hija ya Ise, yalipo mahekalu makuu ya dini ya Shinto. Watu wa kawaida hawakuruhusiwa kusafiri ovyo, na katika vizuizi kama kile cha Hakone walitakiwa kuonyesha vibali, lakini hija ya Ise ilikuwa sababu ambayo wakuu wa vijiji walishindwa kuikataa. Gharama zake zilimzidi mkulima mmoja, hivyo wanakijiji waliunda ko, vikundi vya kuchangiana vinavyokaribia upatu, ambavyo fedha zake zilimpeleka mwanachama mmoja au wachache, mara nyingi kwa bahati nasibu, wakahiji kwa niaba ya wote. Siku ya kuondoka, majirani walimpa pia senbetsu, fedha za kumuaga. Mtu wa namna hiyo hakuwa mtalii. Alikuwa mjumbe aliyelipiwa, na hirizi alizorudi nazo zilikuwa ndiyo gawio la wale waliochanga. Mwaka 1830, katika mojawapo ya mawimbi ya hija ya pamoja yaliyojulikana kama okage mairi, mamilioni ya watu walimiminika Ise ndani ya miezi michache, na kila aliyerudi kijijini alipokelewa na watu wenye haki ya kuuliza amewaletea nini.

Karibu na hekalu la ndani la Ise, ukingoni mwa mto Isuzu, nyumba ya Akafuku inayotaja mwaka 1707 kuwa mwanzo wake iliwauzia mahujaji mochi iliyofunikwa kwa rojo la azuki, maharage madogo mekundu yaliyopondwa na kutiwa utamu. Hadi leo rojo hilo huwa na alama tatu za vidole, zinazoelezwa kuwa ni mikondo ya mto, huku mochi nyeupe iliyo chini yake ikiwa ni kokoto za kitanda chake. Hapa mahali pamechorwa ndani ya chakula chenyewe, kwa ustadi ambao vitafunio vichache vya baadaye vimeufikia.

Reli ndiyo iliyoviunganisha vile vitu viwili, chakula maarufu cha mahali na zawadi ya safari. Njia ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1872 kati ya Shimbashi na Yokohama, na mwaka 1889 reli ya Tokaido ilikamilika kutoka Tokyo hadi Kobe, hata safari iliyokuwa ya wiki mbili ikawa ya saa zisizofika ishirini na nne. Chakula kilichokuwa hakibebeki sasa kiliweza kufika nyumbani kikiwa bado kinalika, ila tu kiwe kimeuzwa pale treni iliposimama. Reli haikufuata barabara ya zamani kila mahali. Baada ya Shizuoka ilishika upande wa pwani kupitia Yaizu, ikaiacha Mariko kando pamoja na rojo lake la kiazi kikuu. Abekawa mochi ilipata bahati tofauti. Hiyo ilikuwa mochi iliyopakwa unga wa soya iliyokaangwa na sukari, nayo iliuzwa tangu enzi ya Edo kwenye kivuko cha mto Abe, ambao hupita Shizuoka kwenyewe. Mochi halisi iliendelea kuwa ngumu baada ya muda mfupi, kwa hiyo wauzaji wa kituoni waliibadilisha kwa gyuhi, donge la unga wa mchele wa kunata linalopikwa pamoja na sukari nyingi, ambayo huzuia unyevu usitoke na hivyo kulifanya likae laini kwa siku kadhaa. Jina likabaki lile lile, chakula kikawa kingine. Mabadiliko haya ya kitaalamu, ambayo vitabu vya watalii huyapita kimya, ndiyo hasa yaliyozaa omiyage ya kisasa.

Vita navyo vilichangia. Wakati wa vita vya Japani na China vya 1894–1895, Hiroshima, iliyokuwa mwisho wa reli upande wa magharibi, ilikuwa mahali pa kupandia meli kwa majeshi, na askari waliorejea walipita hapo kwa wingi. Nyumba ya Koeido ya Okayama, iliyoanzishwa mwaka 1856, iliuza kibi dango, vidonge laini vya unga wa mchele, na mwenye nyumba hiyo alikwenda kuwalaki askari akiwa amevaa kama Momotaro, mvulana wa ngano aliyezaliwa ndani ya pichi na kuyashinda majitu kwa msaada wa wanyama aliowapa vidonge vya namna hiyo. Askari waliokuwa wakirudi makwao walihitaji zawadi na hadithi ya kuisimulia, na Okayama ikawapa vyote viwili katika sanduku moja. Baadaye Momotaro alikuja kuhesabiwa kuwa mtoto wa Okayama, ingawa ngano yake ilikuwa ikisimuliwa nchi nzima.

Baada ya vita vya pili vya dunia, kiwanda kilichukua nafasi ya jiko. Mwaka 1961 nyumba ya Shunkado ya Hamamatsu ilitoa Unagi Pie, biskuti ya matabaka ya siagi iliyotiwa unga wa mkunga, samaki anayefugwa kandokando ya ziwa Hamana. Inasimuliwa kwamba mwenye nyumba hiyo, alipokuwa safarini, aligundua kuwa watu hawakuijua Hamamatsu mpaka alipotaja ziwa, ndipo wakakumbuka mkunga. Biskuti hiyo haina ladha ya samaki inayotambulika kwa urahisi; kilichobebwa ni kile ambacho watu wa mbali walikuwa wanakijua tayari kuhusu mahali hapo. Treni ya kasi ya Shinkansen, iliyoanza mwaka 1964, ilifuata njia ile ile ya Tokaido, na jukumu lililokuwa la kijiji likahamia ofisini: mfanyakazi anayerudi kutoka likizo hugawa kipande kimoja kwa kila mwenzake, na ndiyo maana karibu kila sanduku huandikwa idadi ya vipande, na kila kipande hufungwa peke yake.

Mfumo huu una udhaifu wake, nao ulidhihirika mwaka 2007, ilipofichuliwa kwamba Ishiya ya Sapporo, watengenezaji wa biskuti za chokoleti nyeupe za Shiroi Koibito tangu 1976, na baadaye Akafuku yenyewe, walikuwa wamebadilisha tarehe kwenye sehemu ya bidhaa zao. Tatizo, yaani chakula kutodumu, lilikuwa lile lile la mochi ya mto Abe, safari hii likijibiwa kwa udanganyifu.

Hatua ya mwisho ililetwa na kampuni zinazouza bidhaa zao nchi nzima. Kit Kat, chokoleti ya Kiingereza iliyoingia Japani mwaka 1973, ilitolewa kwa ladha ya stroberi huko Hokkaido mwaka 2000, na baadaye ladha zake nchini humo zikapita 300, zikiwemo wasabi ya Shizuoka na chai ya Uji. Calbee, iliyoanzishwa Hiroshima mwaka 1949, ilianza mwaka 2017 kutoa krispi za viazi zenye ladha za mikoa yote 47. Hapa ndipo alipozaliwa msafiri wa aina mpya, anayenunua ili aonje mwenyewe na kukamilisha orodha, asiye na deni kwa yeyote. Wapo wanaoona ladha hizo za mikoa ni uongo wa viwanda, lakini shutuma hiyo ingeihusu pia gyuhi ya wauzaji wa kituo cha Shizuoka. Kinachostahili kulaumiwa ni kwamba mkoa wenye vyakula mia hupewa ladha moja, na wenyeji hujikuta wakitambulishwa kwayo hata pale wasipoila.

Thamani ya ladha hizo hata hivyo si ndogo. Yubari ya Hokkaido ilikuwa na wakazi zaidi ya 100,000 mnamo 1960, wakati wa makaa ya mawe. Mgodi wa mwisho ulifungwa 1990, manispaa ikafilisika, na wakazi wakapungua chini ya 10,000, lakini tikiti lake lenye nyama ya rangi ya chungwa limeendelea kuutangaza mji huo kwa jeli na chokoleti. Okinawa nayo ina viazi vitamu vya zambarau, beniimo, ambavyo sheria inakataza visipelekwe vibichi katika visiwa vikuu vya Japani kwa hofu ya fukusi. Vikiokwa katika keki ndogo huruhusiwa, hivyo kwa mtu wa Tokyo kitafunio ndiyo njia ya kuvijua.

Kando ya daraja la mto Abe bado kuna maduka yanayouza mochi halisi ya kuliwa hapo hapo, na Mariko bado huandaliwa rojo la kiazi kikuu. Anayeonja mochi ya mtoni asubuhi na ile ya kituoni jioni hupata, kwa ulimi wake, tofauti iliyofanywa na reli.