Kinachoushikilia Mfereji: Mlizamu, Gata na Historia ya Kukinga Maji ya Paa katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Sera na miongozo ya maji katika ukanda wa Afrika Mashariki huhimiza uvunaji wa maji ya mvua, na matangi mengi yamejengwa kwa ajili hiyo. Hata hivyo, maji hayafiki tangini iwapo mfereji wa paa umelegea, umepinda au umeanguka. Makala hii inafuatilia historia ya mfereji wa paa kwa kuzingatia mambo mawili: namna ulivyoshikiliwa na majina uliyopewa. Inajenga hoja kwamba kila badiliko la paa lilizua tatizo jipya la kuushikilia mfereji, na kwamba lugha ya sera ya leo imetilia mkazo tangi na mavuno huku ikiyaacha nje maneno ya ukingo wa paa, ambako maji hupatikana au hupotea.

1.0 Utangulizi

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa huleta lita moja ya maji. Kwa hiyo, paa la mita za mraba 50 likipata milimita 20 za mvua kwa siku moja hupokea lita 1,000, kabla ya kutoa kiasi kinachopotea njiani. Hesabu hii nyepesi ndiyo inayowashawishi wapangaji wa mipango ya maji. Lakini ina sharti ambalo aghalabu halitajwi: maji yote yaliyoteremka paani sharti yaangukie ndani ya mfereji, na mfereji huo uyafikishe tangini. Sharti hilo ni la seremala na fundi bati kuliko la mhandisi wa tangi, na ndilo tunalolifuatilia hapa.

Mtafiti wa lugha ana sababu ya kulijadili. Majina ya sehemu za nyumba huhifadhi kumbukumbu za ujenzi ambazo nyaraka hazikuziandika. Pale jina linapokosekana, huenda maelekezo nayo yakakosekana.

2.0 Mlizamu: mfereji uliojengewa ukutani

Nyumba za mawe za pwani, kama zile za Lamu na Zanzibar, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Paa lake la asili lilikuwa bapa: boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake yakawekwa mawe, kisha sakafu nzito ya chokaa iliyopigwapigwa hadi ikashikamana. Paa la namna hiyo halina ukingo unaomwaga maji pande zote. Limezungukwa na ukuta mfupi, na maji yaliyonaswa humo hutafuta tundu la kutokea.

Tundu hilo ndilo lililowekewa mlizamu. Neno hili limo katika kamusi za Kiswahili tangu mwanzo wa karne ya 20, likiwa na maana ya mfereji au mdomo unaotoa maji paani. Linashabihiana na mirzamu, jina ambalo Waarabu wa Ghuba huuita mdomo wa namna hiyohiyo katika nyumba zao zenye paa bapa. Uhusiano wa pande hizi mbili za bahari umeacha alama nyingi katika msamiati wa Kiswahili, na hapa neno na kifaa vinakwenda pamoja.

Kwa mjadala wetu, jambo la msingi ni namna mlizamu ulivyosimikwa. Haukutundikwa wala kupigiliwa misumari. Sehemu yake moja ilijengewa ndani ya unene wa ukuta, na uzito wa mawe ndio ulioushikilia. Sehemu iliyobaki ilichomoza nje ili maji yaruke mbali na lipu ya ukuta. Mwinamo uliohitajika uliwekwa katika sakafu ya paa yenyewe. Fundi mwashi alilimaliza tatizo lote kwa chokaa na mawe, bila kuhitaji kishikizo cha pekee. Kazi ya awali ya mlizamu, basi, ilikuwa kuyaondoa maji, ingawa mwenye nyumba aliweza kuyaelekeza kwenye birika akitaka.

3.0 Makuti na nyasi: kukinga bila mfereji

Watu wengi wa pwani hawakuishi katika nyumba za mawe, na bara zilitawala nyumba za nyasi au za migomba. Paa la makuti lina mteremko mkali, na maji yake hudondoka kando ya ukingo mzima. Ukingo wenyewe ni mnene, laini na usionyooka. Hauna ubao wa kupigilia chochote. Kwa hiyo wajenzi waliurefusha utoke nje ya ukuta wa udongo ili maji yaanguke mbali. Mstari unaochimbwa ardhini na matone hayo unaitwa mchirizi, na jina hilohilo hutumika kwa maji yenyewe yanayotiririka.

Hata bila mfereji wa kudumu, maji yalikusanywa. Kiswahili kina kitenzi mahususi kwa tendo hilo: kukinga. Anayekinga maji huweka chungu, ndoo au sufuria mahali yanapoangukia. Lugha jirani zina vitenzi vya namna hiyohiyo. Waganda husema okulembeka, na katika baadhi ya sehemu za Uganda jani la mgomba limetumika kuyaelekeza maji yanayoteremka kwenye shina la mti yaingie chomboni. Wanyarwanda husema kureka amazi, na kutokana na kitenzi hicho wamepata nomino umureko, ambayo leo ndiyo jina la kawaida la mfereji wa paa.

Mfano wa Kinyarwanda unafaa kutiliwa maanani. Paa lilipobadilika na mfereji wa kiwandani ukaingia, wasemaji walikipa kifaa kipya jina linalotokana na tendo la zamani. Umureko ni kitu cha kukingia maji, na kusudi lake liko ndani ya jina lake. Kiswahili kilifuata njia nyingine.

4.0 Mabati na gata: mfereji unaoning'inia

Bati lenye migongo lilipewa hataza jijini London mwaka 1829 kwa jina la mhandisi Henry Robinson Palmer. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 lilisafirishwa kwa meli hadi bandari nyingi za Bahari ya Hindi. Zanzibar, nyumba nyingi za mawe ziliongezewa paa la mabati lenye mteremko juu ya paa bapa la chokaa, kwa kuwa chokaa hiyo ilivuja ilipokosa matunzo. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilirahisisha safari ya mabati kuelekea bara.

Bati lilibadilisha tabia ya maji ya paa. Ni laini, halinyonyi kitu, na maji hutoka ukingoni kwa kasi katika mstari ulionyooka. Hapo ndipo mfereji mrefu wa kando ya paa ulipowezekana, nao ukaja na jina lake, gata, kutoka Kiingereza. Asili ya neno hilo katika Kifaransa cha kale na Kilatini ni neno lenye maana ya tone. Msemaji wa Kiswahili hakupokea maana hiyo. Alipokea jina la kifaa tu.

Tofauti na mlizamu, gata haibebwi na ukuta. Huning'inia hewani, na hutegemea ubao wa ukingoni, ambao mafundi wengi huuita fisha bodi, pamoja na vishikizo vya chuma vinavyopigiliwa kwenye ubao huo. Uzito unaobebwa si mdogo. Mfereji wa nusu duara wenye kipenyo cha sentimita 10 ukijaa hubeba karibu kilo 4 za maji kwa kila mita. Urefu wa mita 10 ni kilo 40. Vishikizo vikiachana sana, mfereji hupinda katikati. Palipopinda maji hutuama, majani hujikusanya, kutu huanza, na uzito huongezeka hadi misumari ing'oke.

Mwinamo nao una mtego wake. Ukiwa sentimita moja kwa kila mita, mfereji wa mita 10 utakuwa chini zaidi kwa sentimita 10 upande wa tangi kuliko upande wa pili. Upande huo wa chini huachana na ukingo wa bati, na mvua kubwa huruka juu ya mfereji na kumwagika nje. Fundi akiupunguza mwinamo ili kuepuka hasara hiyo, maji huenda polepole na mfereji hufurika.

Aidha, nyumba nyingi za vijijini hazina fisha bodi. Nchini Kenya tatizo hili lilipata jibu lililoelezwa na John Gould na Erik Nissen-Petersen katika kitabu chao cha mwaka 1999. Ukanda wa bati uliokunjwa hupigiliwa kwenye ukingo wa paa ukielekea chini, ili uyazuie maji yanayoruka na kuyarudisha mferejini. Mfereji wenyewe hutundikwa kwa waya kwenye ukanda huo, na mwinamo hupatikana kwa kurefusha au kufupisha waya. Kwa njia hii ukingo usionyooka haumzuii fundi tena. Historia ya kifaa hiki haina jengo maarufu wala mnara, lakini kwa tangi la shule ya kijijini ina uzito kuliko historia ya tangi lenyewe.

5.0 Kutoka kukinga hadi kuvuna

Istilahi inayotawala katika nyaraka za leo ni uvunaji wa maji ya mvua. Ni tafsiri sisisi ya istilahi ya Kiingereza, na imekwisha kukita mizizi. Hatupendekezi ing'olewe. Hata hivyo, mavuno huelekeza fikra ghalani. Mvunaji huhesabu magunia. Mwongozo wa uvunaji huhesabu lita za tangi. Kukinga huelekeza fikra mahali tone linapoangukia, na huuliza kama chombo kimekaa sawasawa.

Hatudai kwamba neno huangusha mfereji. Tunachodai ni kidogo zaidi na kinaweza kuthibitishwa na yeyote anayesimamia mikataba: kitu kisicho na jina katika waraka hakikaguliwi. Waraka ukisema tu kwamba jengo litawekewa gata, mkandarasi ametimiza ahadi siku anayoipandisha, hata kama vishikizo ni vichache na ubao ni mbichi. Tangi huwa na ujazo, kipimo na cheti cha makabidhiano. Mfereji huwa na neno moja.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia hii inaonyesha kwamba mafundi wa ukanda huu wametatua tatizo la ukingo wa paa kwa njia tatu: kuujengea mfereji ukutani, kuurefusha ukingo na kukinga kwa vyombo, na kuutundika mfereji kwa vishikizo au waya. Kila njia ilifaa paa lake. Kasoro huanza tunapochukua mfereji wa paa moja na kuupachika kwenye paa jingine bila kuuliza utashikwa na nini.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, miongozo na mikataba ya Kiswahili itaje wazi umbali kati ya vishikizo, mwinamo kwa kila mita, hali ya ubao wa ukingoni, na mtu atakayekagua kabla ya msimu wa mvua. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na vyuo vya ufundi vya nchi wanachama wakusanye msamiati wa mafundi bati na maseremala kabla ya kuunda istilahi mpya. Mlizamu bado upo katika kamusi, kukinga bado kupo vinywani, na umureko ni ushahidi kwamba tendo la zamani laweza kukipa jina kifaa kipya. Mvua ya masika haisubiri istilahi zisanifiwe, lakini lita zinazomwagika nje ya tangi kila mwaka ni sababu tosha ya kuanza kazi hiyo sasa.