Waasi Waliopewa Ugavana

Katika Europa Universalis IV, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Paradox ya Stockholm, utulivu wa dola ni namba. Huanzia -3 na kuishia +3, na mtawala anayetaka kuipandisha hulipa pointi za utawala, ambazo hujikusanya kila mwezi kulingana na kipaji chake na washauri aliowaajiri. Anayeteka ardhi kwa pupa hupita kipimo cha kujitanua, na kikizidi asilimia 100 mikosi huanza kubisha hodi. Mikoa iliyotekwa juzi nayo ina ghadhabu yake, inayohesabiwa vilevile. Ikipanda, mstari wa uasi hujaa kidogo kidogo mpaka jeshi la waasi linachipuka toka ardhini, na mchezaji anapeleka askari kulifyeka. Kuna somo kubwa hapa ambalo vitabu vya shule huwa vinalipita haraka, kwamba kushinda vita ni kazi nyepesi ukilinganisha na kukaa na ulichokiteka. Lakini mchezo huu unaiweka chemchemi ya utulivu mahali pasipo pake. Unaiweka kwenye kiti cha enzi, kana kwamba sultani huuzalisha utulivu makao makuu kisha akaugawa mikoani. Dola ya Uthmaniya, ambayo wanaoanza kucheza hushauriwa kuichagua kwa sababu ya nguvu zake, ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini sivyo.

Tuanze na miaka ya 1580. Vita virefu na Uajemi vilikuwa vimekausha hazina ya Sultani Murad III, na serikali ikapunguza fedha iliyomo ndani ya sarafu yake, akçe, karibu kwa nusu. Sarafu moja ya dhahabu iliyokuwa ikibadilishwa kwa akçe 60 sasa ilidai 120. Askari wa Janissary, jeshi la kudumu la sultani, walilipwa kwa hesabu ileile ya zamani, ila sarafu zilikuwa nyepesi, na wenye maduka wakazikataa. Mwaka 1589 waliizingira kasri na kudai kichwa cha gavana wa Rumelia, Doğancı Mehmed Pasha, waliyemwona kuwa ndiye mwenye lawama. Murad akawapa. Katika mwaka huohuo huku kwetu Mombasa, Ali Bey, nahodha aliyekuja na merikebu chache kwa jina la sultani na kupokewa na miji kadhaa ya pwani iliyochoshwa na Wareno, alinaswa na meli za Wareno zilizotoka Goa. Mkono wa mbali wa Istanbul ulikuwa umesimama juu ya ridhaa ya wenyeji na juu ya mashua zisizotosha; Wareno walielewa hatari yake, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu.

Kwa sheria za mchezo, dola ya namna hii imefika -3 na inasubiri kuvunjika. Na kweli Anatolia iliwaka. Mwaka 1596, baada ya vita vya Mezőkeresztes nchini Hungaria, wakuu wa jeshi waliita majina, na maelfu ya wapanda farasi wasioonekana wakafutwa kwenye daftari na kunyang'anywa mashamba waliyopewa kwa ajili ya utumishi wao. Wengi walirudi Anatolia na silaha zao na kinyongo chao. Huko waliwakuta vijana wa vijijini waliokuwa wakiajiriwa kubeba bunduki wakati wa vita na kuachwa bila mshahara vita vikipoa, halafu ukame mkali wa miaka hiyo ukaongeza njaa juu ya uchungu. Haya ndiyo maasi ya Jelali, yaliyofanya vijiji vizima vihamwe na kodi isikusanyike kwa miaka.

Sasa tazama walichotaka viongozi wake. Karayazıcı Abdülhalim, aliyekuwa askari wa kawaida kabla ya kukusanya kundi lake, alipewa na serikali utawala wa wilaya huku bado akiitwa mwasi. Alipokufa, nduguye Deli Hasan alichukua kundi, akaendelea kupora, kisha mwaka 1603 akasamehewa na kufanywa gavana wa Bosnia. Akaenda na watu wake kupigana na maadui wa sultani kwenye mpaka wa Hungaria. Kalenderoğlu Mehmed alipewa Ankara. Wakazi wa mji, kadhi wao akiwa mbele, wakamfungia malango, naye akaja kuuzingira mji uleule alioandikiwa kuutawala. Tukio hilo halina kitufe katika mchezo wowote niujuao: serikali imempa mwasi cheo, raia watiifu wamemkataa kwa jina la sultani yuleyule, na pande zote mbili zinashika hati ya Istanbul. Karen Barkey, mwanazuoni aliyeandika juu ya majambazi na watumishi wa dola hii mwaka 1994, alisisitiza jambo hilo: Wajelali hawakuwa wakiipinga serikali, walikuwa wakigombea nafasi ndani yake. Uasi ulikuwa barua ya kuomba kazi, iliyoandikwa kwa moto.

Mtu atasema haya ni mapambo, na kwamba kilichomaliza maasi ni upanga. Ana hoja. Murad Pasha, waziri mkuu toka 1606, aliitwa Kuyucu, yaani mchimba visima, kwa sababu ya mashimo aliyoyajaza maiti. Mwaka 1607 alimvunja Canbuladoğlu Ali, bwana wa Aleppo, na mwaka uliofuata alimkimbiza Kalenderoğlu hadi Uajemi. Bila mauaji hayo Anatolia isingetulia upesi, na Deli Hasan pia hakufa kitandani mwake. Serikali ilimtumia kisha ikamuua. Lakini Canbuladoğlu ndiye mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa alikuwa amekwishaandikiana mkataba na mtawala wa Toscana na kila dalili ilionyesha anataka dola yake mwenyewe. Hata huyo, baada ya kushindwa, alikwenda Istanbul, akasamehewa na kupewa ugavana wa Temesvar, ndipo baadaye akauawa. Upanga ulifanya kazi kwa sababu pembeni yake palikuwa na mlango, na kila mwasi alijua mlango huo upo. Mchezo unao upanga. Mlango nao upo, kwa maana ya kuyakubali madai ya waasi, lakini umechorwa kama adhabu ya mchezaji dhaifu.

Karne ya 17 inazidi kuiaibisha ile namba. Osman II alinyongwa na askari wake mwaka 1622. Ibrahim aling'olewa na kunyongwa 1648. Mehmed IV aliondolewa 1687, Mustafa II 1703. Ukiipima dola kwa usalama wa anayeikalia, hii ilikuwa nyumba inayoungua. Ila katikati ya vurugu hizo ilikamilisha kukiteka kisiwa cha Kreta mwaka 1669, na mwaka 1695, ikiwa vitani na imefilisika, ilianza kuuza haki ya kukusanya kodi kwa maisha yote ya mnunuzi, mpango ulioitwa malikane. Wanahistoria wa zamani waliuona kuwa dalili ya kuoza, kwani sultani alikuwa akiuza leo mapato ya kesho. Mimi naona upande wa pili wake. Familia kubwa za mikoani zilizoweka fedha zao kwenye kodi ya dola hazikuwa na sababu ya kuiombea mauti. Ikianguka, hati zao zinageuka karatasi. Mwanahistoria Baki Tezcan amekwenda mbali zaidi na kusoma kule kuwang'oa masultani kuwa njia ya kuwawekea mipaka, si kuvunja serikali. Simfuati hadi mwisho, maana Osman II, aliyenyongwa katika ngome ya Yedikule, alikuwa kijana wa miaka 17 na hakuna katiba iliyoandikwa siku ile, lakini anasema kweli kwamba kasri kutikisika na dola kutikisika ni mambo mawili.

Pingamizi jingine ni kwamba huu ni mchezo, na mchezo lazima uhesabike. Nakubali, na waundaji wenyewe wamejisahihisha. Wameongeza matabaka, wenye vyeo na wafanyabiashara na wasio Waislamu, ambao wanadai upendeleo kabla ya kutii. Wameruhusu mkoa upewe uhuru zaidi ili ghadhabu ishuke. Na katika Crusader Kings, mchezo wao mwingine, mfalme hana kazi kubwa kuliko kuwabembeleza mabwana walio chini yake. Kwa hiyo namba si kosa. Kosa ni nani anayeishika. Mchezaji akikaa nafasi ya dola nzima, kila anayembishia huwa adui wa dola, na ndiyo maana waasi anaokutana nao mara nyingi mikoani ni wale wanaotaka kujitenga, hata katika mwaka 1500.

Kujitenga kulikuja, na njia kulikopitia inafaa kuangaliwa. Waserbia walioinuka mwaka 1804 walikuwa wakipigana na makamanda wa Janissary waliojinyakulia Belgrade na kuua wazee wa vijiji, na mwanzoni walisema wanamtetea Sultani Selim III dhidi ya wahuni hao. Waliomba ulinzi na wakuu wao wenyewe, ombi ambalo Karayazıcı angelielewa vizuri. Mwaka 1805 sultani aliwapelekea jeshi, wakalishinda Ivankovac, na tangu hapo madai yao hayakuwa tena ya kupata nafasi ndani. Miaka mitatu baadaye mabwana wa mikoa, wakiongozwa na Alemdar Mustafa Pasha aliyetoka Ruse na kumweka Mahmud II madarakani, walitia saini mapatano na kiti cha enzi. Hao bado walitaka kubaki. Wagiriki wa Peloponnese waliinuka Machi 1821, na hawakuwa wakiomba ugavana. Kalenda ya Europa Universalis IV inasimama mwanzoni mwa Januari mwaka huohuo.