Kabla ya Dadaab kulikuwa na Thika

Mwambie mtu hapa Thika kwamba mji wetu uliwahi kuwa mlango wa wakimbizi Kenya, atacheka. Yeye anajua mananasi na viwanda, basi. Lakini miaka ya 1980 serikali ilikuwa na kituo chake hapa hapa. Mtu alifika, akahojiwa na maofisa, akasubiri, na akikubaliwa anatoka kutafuta maisha Nairobi au popote. Waganda waliokimbia vita kwao waliishia kufundisha shule zetu za upili. Muulize mzazi wako, pengine alifunzwa na mmoja.

Halafu 1991 Somalia ikasambaratika. Kituo kidogo vile kingebeba nini? Ifo ikafunguliwa mwaka huo huo, Kakuma 1992, na amri ikawa moja: kaa kambini. Shida ni kwamba ule ukarimu wa zamani haukuwa kwenye sheria yoyote ya wakimbizi. Ya kwanza tuliipata 2006. Kitu ambacho hakijaandikwa ni rahisi kukizima.

Sasa tuna Sheria ya 2021, na Machi 2025 Rais Ruto akazindua Mpango wa Shirika: kambi zigeuke miji, wakimbizi wapate mafunzo na kazi. Watu wanapiga kelele, ati nchi inauzwa. Kwani ni mapya haya?

Mimi kinachonisumbua ni kingine. Wa Thika alitoka na karatasi yake akaenda. Wa Kakuma anafunzwa ushonaji, lakini akitaka kufika Nairobi lazima kwanza aombe kibali cha kusafiri. Cherehani anajua. Wateja wako Eastleigh.