Mwalimu, Mtoto na Maji ya Moto: Somo la Magamba, 1963



Hapa Al Thumama wakati wa kiangazi bomba la maji baridi hutoa maji ya moto, kwa kuwa tangi liko juu ya paa linachomwa na jua. Kiangazi kilichopita binti yangu wa miaka saba alijaza vikombe viwili, kimoja maji ya bomba, kingine maji ya chupa kutoka kwenye friji. "Baba, kipi kitaganda kwanza?" Nikamjibu papo hapo: cha baridi, bila shaka. Akatosheka, hata friza hakuifungua. Mimi, Mtanzania, mwenye shahada ya udaktari! Nikaona aibu, maana historia hii ni ya kwetu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, shule ya sekondari Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanayaacha yapoe, ndipo wanayagandisha. Siku moja nafasi kwenye jokofu ilikuwa inakwisha, Mpemba akayaingiza yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akamwuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye huko Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akaliita jambo hilo fizikia ya Mpemba, si ya dunia nzima. Darasa likapata utani wa kudumu.

Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo. Mpemba akauliza tena mbele ya watu: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kwa nini ya moto hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne naye alidhani kijana amekosea, ila hakumdhihaki. Aliahidi kwenda kujaribu, na akajaribu kweli. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na jina la Mpemba likaingia katika fizikia ya dunia.

Wapo wanaopinga. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 ulisema ushahidi hautoshi. Sawa, wabishane kwa vipimo. Hoja yangu ni kwamba wale walimu walijibu bila kugusa jokofu, wakati Osborne alijua mpaka wa ujuzi wake.

Miaka hiyohiyo ya 1960 Afrika ilikuwa na mpango wa sayansi kwa shule za msingi, ulioingia Kenya, Uganda na Tanzania pia. Vifaa vyake vilikuwa mchanga, mbegu, wadudu. Mwalimu alitakiwa aache kuhubiri, amwache mtoto aulize vitu vyenyewe. Ilikuwa kazi ngumu: mwalimu aliyezoea ubao, mwenye darasa lililofurika na mtihani wa mwisho mbele yake, anaogopa swali asilolijua. Simlaumu. Mimi niliogopa la mtoto mmoja, jikoni kwangu.

Basi nikamwita binti yangu: "Mama, mimi sijui. Tujaribu." Mara mbili cha baridi kiliganda kwanza. Mara ya tatu akasema, "Baba, lakini maji hayalingani!" Alikuwa sahihi, hatukupima. Tukaanza upya.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walisema wazee. Nami naongeza: na anayeulizwa asiwe na haraka.