Bonus Ikiingia, Usinunue TV kwa Pupa: Mwongozo wa Msee wa Kericho na Bomet

Oktoba ikifika, simama dakika kumi tu kwa stage ya Kericho, Litein ama Bomet mjini. Utaona maboksi marefu, membamba, yamefungwa kamba nyuma ya boda ama yameegemea kiti cha matatu. Bonus ya majani imeingia na kila boma inataka TV mpya.

Hakuna makosa hapo. Shida ni kwamba hiyo doh huja mara moja. Mkulima wa KTDA hulipwa pesa ya kilo kila mwezi, halafu bonus inafuata baada ya mwaka wa fedha kufungwa Juni. Na wakulima wa upande huu wamelia miaka mingi kwamba bonus yao iko chini kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya. Ukikosea TV, unangoja mwaka mzima kurekebisha.

Na mara nyingi ni wewe kijana unatumwa dukani, juu wazee wanaamini unajua mambo ya mashine. Ukimletea mathe kitu feki, hiyo story utaisikia hadi Krismasi ya tatu. Basi soma hii kwanza.

1. Pima sitting room, usipime macho

Inchi za TV hupimwa kutoka kona hadi kona, si upana. TV ya inchi 32 ina upana wa karibu sentimita 71. Ya 43 ni kama 95, na ya 55 inafika 122. Kabla utoke nyumbani, chukua tepu upime pale itakaa, halafu upime kutoka hapo hadi kwa kiti.

Hesabu rahisi: kiti kikiwa mita moja na nusu hivi, 32 inatosha. Mita mbili, nenda 43. Ukianza kuongea mambo ya 55, hakikisha una mita mbili na nusu. Ndani ya keja ya chumba kimoja, kama zile nyumba za kijiji cha wafanyakazi kwa mashamba ya chai, 55 itakuumiza shingo tu.

Ukuta ukiwa wa mbao, mabati ama udongo, sahau mambo ya kutundika. Weka kwa meza nzito, mbali na moshi wa jiko, na uifunge kwa nyuma kama kuna watoto wa kuvuta vuta.

2. Uliza stima kwanza

Nyuma ya kila TV kuna namba ya wati. TV ya LED ya inchi 32 hula kama wati 40 hadi 60. Ya 55 inaweza kupita 100. Sasa piga hesabu: wati 50 kwa masaa tano kila siku ni yuniti saba na nusu kwa mwezi. Wati 100 ni yuniti 15. Zidisha na bei ya tokeni zako ujue kama mzee ataanza kuzima TV saa mbili usiku.

Kama boma haina stima ya KPLC na mnatumia sola, usinunue TV ya kawaida ukidhani itaenda tu. Tafuta ile ya volti 12 inayoingia kwa betri moja kwa moja, na uulize betri itaibeba masaa mangapi. Ya kawaida itahitaji inveta, na inveta yenyewe pia inakula moto.

3. Neno moja la kukariri: DVB-T2

Tangu Kenya izime analogi 2015, chaneli za bure zinakuja kwa mfumo wa DVB-T2. TV ikiwa na hiyo ndani, unachomeka antena, unatafuta chaneli, unaona Citizen, KBC na wengine bila dekoda na bila kulipa mwezi. "Digital" peke yake kwa boksi haitoshi. Tafuta hiyo T2.

Hapa ndipo wengi huanguka na zile TV za mtumba wanaita ex-UK. Picha inaweza kuwa safi na bei tamu, lakini nyingi za zamani zina DVB-T ya kwanza, bila ile mbili. Zitakataa kushika chaneli hadi ununue dekoda kando. Ongeza hiyo bei kabla useme umepata dili.

Pia kumbuka milima yetu. Boma ikiwa juu ya kilima, antena ndogo ya ndani inaweza kutosha. Ikiwa chini bondeni kando ya mto, utahitaji ya nje, kwa mti mrefu, imeelekezwa vizuri. Muulize jirani anatumia nini na anashika ngapi. Kama signal haifiki kabisa, chagua TV iliyoandikwa pia S2, hiyo inakubali waya wa dishi. Lakini GOtv, StarTimes na DStv bado zinataka dekoda zao. TV haziwezi kuzifungua yenyewe.

4. Smart ni ya nani?

Smart TV bila intaneti ni TV ya kawaida yenye bei ya juu. Netflix ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na ya 4K hadi GB 7. Kama bando yako ni ya simu, sinema mbili tu na umebaki kuflash watu.

Kama kuna WiFi, basi chagua vizuri. Google TV, webOS ya LG, Tizen ya Samsung na VIDAA ya Hisense ni mifumo yenye app zilizokubaliwa. Kuna TV zingine za bei ya chini zimeandikwa "Android" lakini ni Android tupu. YouTube inafunguka, Netflix inagoma. Usiamini picha za app kwa boksi. Washa hotspot ya simu hapo dukani, fungua app yenyewe, uone video ikicheza.

Kama pesa ni kidogo, nunua TV ya kawaida nzuri, halafu siku moja uongeze kile kiboksi cha Android kando. Kikiharibika, TV inabaki.

5. Picha: usilipie usichoona

HD ya kawaida inatosha kwa 32. Kwa 43, tafuta Full HD. 4K inaanza kuwa na maana 50 kwenda juu, na pale tu unaangalia vitu vya 4K. Habari ya saa moja haitageuka 4K juu TV yako ni ya 4K.

Kwa wapenzi wa michezo, angalia mwendo. Huu ni mkoa wa wakimbiaji. Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho ndiye alileta medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Haitakuwa poa uangalie 800 na miguu inaacha mkia kwa skrini. Mwambie muuzaji aweke mpira ama mbio, si ile video ya maua na samaki. Simama pia kando uone kama rangi inapotea, juu siku ya mechi si wote watakaa katikati.

6. Usitoke dukani bila haya

- Washa TV yenyewe utakayobeba, si ile ya maonyesho.
- Weka picha nyeupe tupu, halafu nyeusi tupu. Tafuta doa, mstari ama kona inayovuja mwanga.
- Jaribu kila tundu: HDMI, USB, antena. Sikiza spika kwa sauti ya juu.
- Linganisha namba ya siri nyuma ya TV na ile ya boksi.
- Angalia stika ya KEBS.
- Chukua risiti yenye jina la duka, modeli na tarehe. Waranti bila risiti ni hadithi. Uliza pia fundi wa waranti yuko wapi: Kericho, ama ni lazima upeleke Nairobi?

7. Lipa pole pole? Piga hesabu yote

Mia moja kwa siku inasikika kama soda. Lakini deposit ya elfu tano na soo kwa siku kwa mwaka mzima ni 41,500. Kama TV hiyo ni elfu 25 keshi, umelipa 16,500 zaidi. Uliza pia ukikosa siku kadhaa inakuwaje, juu kuna TV zinazojifunga. Mkopo wa chama ama SACCO unaweza kuwa nafuu. Linganisha jumla na jumla.

8. Barabara na radi

Waranti haigusi skrini iliyovunjika, na kubadilisha skrini mara nyingi kunakaribia bei ya TV mpya. TV husafiri ikiwa imesimama, haijalala, na hakuna gunia la viazi linaloegemea. Kutoka Kapkatet kwenda ndani kwa murram, lipa kiti cha pili kwa matatu. Hiyo soo mbili ndiyo bima yako.

Ikifika ikiwa na baridi ya Kericho, iache ipumzike saa moja mbili kabla uiwashe, umande ukauke.

Halafu radi. Milima ya Kericho na Nandi inajulikana dunia nzima kwa mvua ya mawe, na hiyo mvua haiji kimya. Nunua TV guard, itakuokoa stima ikipanda na kushuka. Lakini guard haizuii radi. Ukisikia ngurumo, chomoa plagi NA waya wa antena. Wengi huchomoa moja na kusahau nyingine, na moto unaingilia pale pale juu ya paa.

Kwa ufupi

Keja ndogo ama boma ya sola: 32, T2 ndani, wati chache. Sitting room ya kawaida na stima ya KPLC: 43 Full HD, smart ikiwa kuna WiFi. Nyumba kubwa, intaneti ya waya na mbogi nzima ya kuangalia AFCON ya 2027 ambayo Kenya, Uganda na Tanzania walipewa kuandaa: 50 ama 55 ya 4K.

Na ikibaki chenji, usiimalize. Mbolea pia inangoja hiyo bonus.