Asilimia ya Wasio na Mboka Kenya: Hii Hesabu Hupigwaje?

Kila KNBS ikitoa ripoti ya ajira, mtandao huwaka. Serikali inasoma asilimia ndogo, mayouth wanauliza hao walihesabiwa mtaa gani. Kusema ukweli, namba inaweza kuwa sawa kabisa na bado maisha yako ikakataa kufanana nayo. Siri iko kwa maana ya neno "kukosa kazi". Wacha tuichambue polepole.

Nani anahesabiwa hana kazi?

Wataalamu wa takwimu hutumia kipimo cha Shirika la Kazi Duniani (ILO). Ili uitwe mtu asiye na kazi, lazima upite mitihani mitatu kwa wakati mmoja:

1. Wiki iliyopimwa hukufanya kazi yoyote ya kulipwa au ya faida, hata saa moja.
2. Umekuwa ukiisaka ndani ya wiki nne zilizopita. Kutuma barua, kuulizia kwa wasee wako ama kutafuta mtaji wa kuanzisha biashara, zote zinahesabika.
3. Ukipata leo, uko tayari kuanza sasa au hivi karibuni.

Ukianguka mmoja tu, unatoka kwa hiyo orodha. Uliosha gari ya jirani Jumamosi ukapewa soo mbili? Kwa hesabu, umeajiriwa. Ulichoka kutarmac ukakaa kwa keja tangu miezi miwili iliyopita? Wewe si "msaka kazi" tena. Unawekwa kapu la walio nje ya soko la kazi, pamoja na wanafunzi wa kusoma siku nzima na shosho aliyestaafu.

Sheria ya saa moja inakera watu wengi, lakini ina sababu. Wanaohesabu wanataka kunasa kila kazi, hata kibarua kidogo, ndio ijumlishwe vizuri na mapato ya nchi. Tatizo linaanza pale mtu anachukua hiyo asilimia moja na kuisoma kama kipimo cha hali ya maisha. Haikutengenezwa kwa hiyo kazi.

Tupige hesabu ya mtaa

Chukua mtaa wa kubuni wenye watu wazima 100. Watu 60 wana kitu wanafanya. Watano hawana na wanasaka. Waliobaki 35 wako nje ya soko.

Asilimia ya wasio na kazi haigawanywi kwa 100. Inagawanywa kwa nguvukazi, yaani walio kazini jumlisha wanaosaka: 65. Tano kwa 65 ni 7.7%.

Sasa wawili kati ya wale watano wakate tamaa, waache kusaka. Wanaosaka wamebaki watatu, nguvukazi imekuwa 63. Tatu kwa 63 ni 4.8%. Umeona hiyo? Hakuna hata mmoja amepata mboka, lakini namba imeshuka na mtu anaweza kuitisha kikao na wanahabari kujipiga kifua.

Ndio maana kuna vipimo vingine. Tuseme kati ya wale 60, watu 15 wanafanya saa chache na wanataka zaidi, kama fundi wa mjengo anayeitwa siku mbili kwa wiki. Ukiwajumlisha na wasio na kazi, pamoja na waliokata tamaa lakini bado wangependa kazi, unapata watu 20 kati ya 65, karibu 31%. Kabla wale wawili wakate tamaa, kipimo hiki kilikuwa 31% vilevile. Hakidanganyiki kirahisi. Wataalamu hukiita LU4, na KNBS pia imewahi kuchapisha vipimo vya aina hii kwa ripoti zake za robo mwaka. Shida ni kwamba huwa havifiki kwa vichwa vya habari.

Kenya iko wapi?

Robo ya pili ya 2019, KNBS ilipata 4.7%. Robo ya pili ya 2020, corona ikiwa imefunga hoteli, shule na baa, ikaruka hadi 10.4%. Kwa hivyo kipimo si bure: mshtuko mkubwa kinauona. Ripoti za kipindi hicho pia zilionyesha wenye umri wa kuanzia 20 hadi 29 ndio waliumia kuliko rika zingine.

Linganisha na Afrika Kusini, ambako kwa miaka kadhaa sasa namba imezidi 30%. Je, Mkenya amewashinda kwa maisha? Si lazima. Kwetu mtu akifutwa, kesho yake anauza mitumba ama anashika boda, kwa sababu hakuna pesa ya serikali ya kumlisha akisaka kazi. Huyo anahesabiwa ameajiriwa. Kule sekta ya jua kali ni ndogo zaidi, so asiye na kazi anabaki hana kazi.

Na jua kali ndio Kenya yenyewe. Zaidi ya 80% ya ajira nje ya mashamba madogo iko huko. Hata ile dhana ya "sekta isiyo rasmi" ilipata umaarufu duniani kupitia ripoti ya ILO iliyoandikwa kuhusu Kenya mwaka wa 1972. Kwa hivyo ukisikia nafasi laki kadhaa mpya zimeundwa, swali ni ngapi zina barua ya ajira na ngapi ni meza ya mboga kando ya barabara.

Kuna shamba pia. Oktoba 2013, mkutano wa wataalamu wa takwimu za kazi huko Geneva uliamua kwamba anayelima chakula cha familia yake pekee anafanya kazi, lakini hana "ajira". Nchi hazijahamia kipimo hicho zote kwa wakati mmoja, kwa hivyo kulinganisha nchi mbili, ama miaka miwili iliyo mbali, kunahitaji tahadhari.

Ukipewa namba, uliza hivi

- *Ni ya umri gani?* Kwa katiba yetu kijana ni miaka 18 hadi chini ya 35. Vipimo vingi vya kimataifa huishia 24.
- *Imegawanywa kwa nini?* Kwa nguvukazi ama kwa watu wote? Ukichanganya wanafunzi na wanaosaka kazi, utapata namba ya kutisha isiyosema kitu.
- *Wangapi wako kazini kati ya watu wazima wote?* Kwa mtaa wetu ilikuwa 60% kabla na 60% baadaye. Hiyo haikuyumba.
- *Waliokata tamaa na wenye saa chache wako wapi?*

Mwaka wa siasa ukifika, kila upande utakuja na asilimia yake, na zote mbili zinaweza kutoka kwa ripoti moja. Msee akikuambia ajira imeimarika, mwambie afungue jedwali linalofuata.